Mkwe Aliyezuia Njia

Nyumba ya Bonaventure, fundi cherehani wa Nyamianda, ilikuwa imejaa hadi watu wakakalia kizingiti na meza ya kukatia nguo, na nyuma ya pazia la chumba cha ndani Félicité alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: Hyacinthe asifungue kinywa.

Aje, akae, ale, aitikie kwa kichwa, aende zake. Maneno yawe ya mzee Ildephonse, baba yake mdogo, aliyekuja naye kuwa msemaji. Ndiyo desturi; siku ya posa mwoaji hutazamwa, haulizwi. Félicité alikuwa amemsihi tangu Jumapili: hata wakikuchokoza, weye ucheke tu. Hyacinthe akacheka pale pale, akidhani ni hofu ya kawaida ya mwanamwali. Sababu yenyewe hakuijua. Félicité hakumwambia.

Sababu ilikuwa imekaa mkekani bega kwa bega na Félicité, imejifunga kitenge kipya, ikimenya karanga. Ilikuwa mama yake, Sidonie.

Miaka yote hiyo mama Sidonie alikuwa akikaa Nyakabere, kule bondeni, kulinda mihogo, mumewe na binti wakiishi mjini, mmoja akishona, mwingine akifundisha watoto wadogo kusoma. Lakini tangu Dipanda, yaani uhuru, bonde halikutulia, na mwaka huu minong'ono ya vita ilikuwa imezidi. Watu walikuwa wakimiminika Uvira na mikeka yao kichwani. Nyamianda, ambayo juzi tu ilikuwa mashamba, sasa nyumba zilipakana hadi jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Na mji wenyewe umebanwa kati ya mlima na ziwa kama mtu aliyelala kati ya ukuta na mke mnene. Barabara ni moja. Humo humo malori ya pamba, humo humo ng'ombe wa watu wa milimani, baiskeli, na akina mama wenye mabeseni.

Serikali ikaleta bisi mbili za kubeba abiria, ikaiambia ofisi ya barabara ipange zitapita wapi na zitasimama wapi. Ofisi ikampa kazi hiyo Hyacinthe, kwa kuwa alijifunza kuchora barabara kule Bukavu. Mwingine angekaa kwenye meza yake achore. Hyacinthe alikwenda kusimama barabarani na kuuliza watu.

Sasa, kwetu, mkwe akimwona mama mkwe njiani, anatoka njiani. Anaingia majanini, anageuza uso. Mama naye anafunika kichwa kwa kitenge, na wanapitana kama watu wasioonana. Kama kuna neno, lipite kwa mtu wa tatu. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na mama hajifuniki mbele ya kila kijana. Anajifunika kwa mkwe wake tu.

Wiki iliyotangulia posa, mama Sidonie alifika kutoka bondeni amevimba kwa hasira, akasimulia hata kabla hajapewa maji. Eti pale daraja la Kavimvira kulikuwa na kichaa wa kofia ya majani, amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe. Anauliza kila mtu unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini. Yeye Sidonie akampita bila kumjibu. Kichaa akamfuata, akamzunguka, akamsimamia mbele, kisha akanyoosha mikono akalitua beseni lake la unga kutoka kichwani, kama mume anayempokea mkewe. Ndipo alipomjibu ili amwachie: anakwenda mjini kumpima mwanaume anayemtaka binti yake. Na yule kichaa, bila haya, akamwambia mbele ya wauza samaki wote kwamba huyo mwanaume akikutwa mwepesi, amletee yeye huyo binti, atampeleka nyumbani kwa bisi.

Nyumba nzima ilicheka siku ile, hata baba. Félicité alicheka pamoja nao. Kofia ile ya majani alikuwa ameisuka yeye.

Angesema siku ile ile, jambo lingeisha. Kosa la kutojua lina dawa yake. Mwoaji huleta mbuzi wa kuomba radhi, mama hupokea kamba, watu hucheka, basi. Lakini Félicité alimtazama mama yake, akamtazama shangazi yake Capitoline aliyekuwa akitaka aolewe na Rénovat, mgane mwenye duka pale Mulongwe, akaogopa. Akafikiri, mama hataona uso wa mwoaji, atakuwa nyuma ya pazia. Hyacinthe akinyamaza, nani atajua?

Na alinyamaza kweli. Mzee Ildephonse alipanga methali zake kama matofali. Bonaventure akajibu kwa upole wake. Kasiksi, pombe ya ndizi ya ukoo, ilizunguka, na Félicité akaanza kupumua. Hapo ndipo shangazi Capitoline alipovuta kiti chake mbele.

Alisema amesikia kijana wao ndiye wa bisi. Alitaka kujua kama ni kweli bisi zitapita kule chini kwa wenye nyumba za mabati, na wao wa Nyamianda wabaki kubeba kwa shingo zao.

Mzee Ildephonse hakujua lolote juu ya bisi. Alitaka tu kumpendeza kila mtu, akajibu kwamba bila shaka zitaishia sokoni, kwani wakubwa hawawezi kurushwarushwa kwenye matope ya huku, na isitoshe watu wa Nyamianda wanajulikana kwa miguu imara. Watu wakaguna. Félicité akasikia kiti kinalia, akajua ni kiti gani.

"Samahani, baba mudogo," alisema Hyacinthe. "Hapana. Bisi itafika hapa."

Mama Sidonie aliacha kumenya karanga.

"Sokoni na bandarini kila muntu anapajua," sauti iliendelea, na Félicité aliweza kuona bila kuona jinsi anavyosogeza vibuyu mezani, hiki bandari ya Kalundu, hiki soko, hiki daraja. "Lakini muji iko inakulia huku. Minye nilisimama barabarani, nikauliza watu. Mama anatoka bondeni na beseni, anafika darajani shingo imekwisha, na bado anatembea. Bisi ikimuacha sokoni, imemusaidia nani?"

Watu walimpenda. Félicité alisikia wanavyomuitikia, alisikia hata baba yake anasema ehee, na kwa kitambo kidogo alijivuna hadi akasahau kuogopa. Kisha akageuka. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia mwewe.

"Ile sauti," mama alinong'ona.

"Sauti gani, mama?"

Swali hilo ndilo lililommaliza. Mtu asiye na la kuficha angesema ni Hyacinthe. Mama Sidonie alimtazama binti yake usoni, kwa muda, akasoma kila kilichoandikwa pale.

"Weye ulijua," alisema taratibu. "Ulinisikia nasimulia, ukacheka, na ulijua."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligonga ukuta kumwita wifi yake, akamnong'oneza, akarudia karanga zake. Na shangazi Capitoline akatoka na uso wa mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuiomba.

"Wageni wetu," alisema, "mumalize hiyo pombe, maana ingine hamutapewa hapa. Huyu kijana alisimama mbele ya mukwe wake kama polisi. Akamushika beseni. Akamutongozea binti yake kwa mzaha. Muntu anayecheza na mama mukwe, mutoto wetu atamuheshimu kweli?"

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwa majirani, na majirani wakaja. Mzee Ildephonse alisimama akaomba radhi, akaahidi mbuzi, akaahidi wawili. Shangazi akamjibu kwamba mbuzi ni wa kosa la kutojua. Hapa kuna mtu alijua, akaficha, na mtu huyo ni binti mwenyewe. Kwa hiyo hata mbuzi hana pa kufungwa. Bonaventure alifuta jasho, akasema neno la mwisho ni la aliyezaa. Wote wakaligeukia pazia.

Mama Sidonie hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimenya karanga. Na kimya cha mama siku ya posa kila mtu anajua maana yake.

Jioni, kabla giza halijashika, Félicité alimkuta Hyacinthe nyuma ya ua wa matete, mahali walipozoea. Alikuwa amekuja kulia kifuani mwake. Alikuta kifua kimefungwa kwa mikono miwili.

"Weye ulijua," alisema Hyacinthe, maneno yale yale ya mama, na yaliuma zaidi.

"Niliogopa."

"Nani? Minye?"

"Shangazi. Rénovat na duka lake. Mama akija na hasira... Nilitaka siku moja tu ipite."

"Ungeniambia, ningeenda kwa magoti hadi Nyakabere. Mbuzi ningemubeba kwa mabega." Sauti yake ilikuwa chini, na Félicité alitamani angemgombeza kwa nguvu. "Lakini uliniambia ninyamaze. Félicité, unamutaka bwana anayenyamaza? Huyo hakuwa minye. Ulikuwa unawaposesha muntu mwingine."

Aliumia, naye akajibu kwa kuumiza. Alimwambia kwamba mwanaume mwenye akili hashiki mzigo wa mwanamke asiyemjua, hata kama amesoma Bukavu. Kwamba wengine wanapanga barabara bila kugusa mama za watu. Hyacinthe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia jambo alilokuja kumwambia.

Kesho asubuhi lori linakwenda Bukavu. Ofisi inamtuma na ramani ya bisi ili mkubwa wa kule aitie sahihi. Na madereva wanasema kwamba baada ya lori hilo, hakuna anayejua nani atapita Luvungi, kwenye njia ya Bukavu, wala lini.

"Nikienda na neno la kwenu, iko sawa," alisema. "Hata wafunge njia mwaka muzima, minye ni mukwe wa nyumba hii, na weye uko wangu. Nikienda bila neno, minye ni nani? Muntu wa kofia."

Félicité alinyoosha mkono amshike shavu. Hyacinthe aliufumba mkono ule ndani ya wake, akaubana sana, akaurudisha kwa mwenyewe. Alipoondoka, matete yalitikisika nyuma yake, na msichana akabaki akitazama mahali palipotikisika hadi mama yake alipomwita ndani kwa sauti isiyo na kitu.

Kulipokucha mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama Sidonie alikuwa amekwisha kufunga kanga yake kiunoni na beseni liko mlangoni. Alisema anarudi Nyakabere, mihogo haina mtu. Bonaventure alimsihi, akamkumbusha hali ya bonde, naye akamjibu kwamba mihogo haisikilizi hali. Mama akirudi kwake bila kutoa neno, posa imekufa. Félicité alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akajitwika furushi, akamsindikiza. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na miguu yake.

Walishika barabara. Upande wa mlima, maji yalikuwa yakishuka kwa vijia vya ng'ombe. Upande wa ziwa kulikuwa na mtaro wa barabara, umejaa hadi kingo, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Njiani watu walikuwa wengi kama kawaida ya siku hizi, na mbele, karibu na pale malori yanapopakia, lori la Bukavu lilikuwa limewashwa, linapiga honi.

Hyacinthe alitokea kati ya watu, anakimbia, suruali yake nzuri imepigwa pasi, ramani imeviringwa chini ya kwapa kwenye bomba la bati. Aliwaona wakiwa wamekaribiana mno kiasi cha mtu kutoweza kupunguza mwendo. Félicité aliona macho yake yakimpita, yakafika kwa mama, yakashuka.

Hakutazama nyuma wala pembeni. Aliruka mtaroni.

Maji yalimfika mapajani. Aliinua ramani juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaelekeza uso wake ziwani, akatulia kama mti. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akacheka, kisha akatazama vizuri ni nani anapita, akaacha kucheka. Watu walianza kusimama.

Ilikuwa zamu ya mama kupita. Apite tu, na kijana atoke. Lakini mama Sidonie alisimama katikati ya barabara, pale pale, kama yeye alivyosimamishwa siku ile. Lori likapiga honi tena.

"Félicité," alisema mama, akitazama mbele. "Muulize huyu muntu, kwa nini alishika beseni langu."

Félicité aligeukia mtaro. "Mama anauliza kwa nini ulishika beseni lake."

Hyacinthe alijibu akiliambia ziwa. "Umuambie mama, shingo yake ilikuwa inatetemeka. Na alikuwa anajikaza wengine wasione."

Félicité alirudisha maneno hayo. Aliona kitu kikipita usoni mwa mama yake, haraka, kama mtu aliyeguswa kidonda chini ya nguo. Hakuna aliyewahi kumwambia mama Sidonie kwamba anachoka. Alikuwa mwanamke wa kubeba; ndivyo alivyojulikana hadi Luvungi.

"Umuambie, si kazi yake kuona hiyo."

"Mama anasema si kazi yako kuona hiyo."

"Umuambie mama, naomba radhi kwa mzaha. Kwa maneno ya binti, mbele ya watu. Hiyo ilikuwa ujinga, naikubali." Maji yalimsukuma, akapepesuka, akainua ramani juu zaidi. "Kwa beseni, siombi. Umuambie, nikiona shingo inatetemeka tena, nitashusha tena. Hata ikiwa yake."

Dereva alikuwa amechungulia dirishani, anapiga kelele kwamba anaondoka. Félicité alisimama kati ya watu wake wawili na maneno hayo mdomoni. Angeweza kuyakata. Angesema anaomba radhi, mama, basi, na nani angemkosoa? Hyacinthe alikuwa amesema kwa kulitazama ziwa, na upepo ulikuwa mwingi. Neno moja la kufichwa, dogo kuliko lile la kwanza, na pengine mambo yangelainika.

Alimtazama yule mwanaume mgongoni, shati limelowa, mikono inatetemeka juu. Akamgeukia mama yake, na safari hii hakupunguza kitu.

"Anaomba radhi kwa mzaha, mama. Kwa beseni haombi. Anasema akiona shingo inatetemeka tena, atashusha tena, hata ikiwa yako." Kisha akaongeza la kwake, kwa kuwa lilikuwa limemkaba tangu jana. "Na minye ndiye nilikuficha. Yeye hakujua weye ni nani. Hasira yako ni yangu, si yake."

Kimya cha mama kilikuwa kile kile cha karanga. Lori lilianza kusogea.

Mama alilitua beseni mwenyewe, akampa binti yake alishike. Akafungua kanga kiunoni. Kisha akavuka kwenda upande wa pili wa barabara, upande wa mlima, akaingia kwenye majani yenye umande hadi magotini, akajifunika kanga kichwani na usoni pote, akaupa ukuta wa mlima uso wake. Barabara ikabaki tupu katikati ya watu wote wale.

Mwuza ndagala alitia mkono mdomoni.

"Mama," alisema Félicité, "unafanya nini huko?"

"Nyamaza, weye," ilisema kanga. "Mukwe wangu anapita. Shangazi yako iko na sauti kubwa, lakini aliyezaa ni minye. Umuambie aende haraka, ile lori haina heshima."

Hakuhitaji kuambiwa. Hyacinthe alitoka mtaroni akichuruzika, viatu vyake vinalia maji, akapita pale katikati, kati ya mama mkwe aliyejifunika na mchumba wake aliyeshika beseni, na hakugeuka. Félicité alijua hatageuka. Kijana mwenye mama mkwe nyuma yake hageuzi kichwa, hata kama aliye kando ya mama huyo ndiye anayemfanya ashindwe kulala, hata kama njia ya Luvungi itafungwa leo na kufunguliwa siku ambayo hakuna anayeijua.

Alikimbia. Watu walimvuta juu ya magunia ya lori, mmoja akampokea ramani. Alikaa akiwa ameuelekeza mgongo huku, mgongo mwembamba wenye shati lililogandamana, na Félicité, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa ameishi kwa macho ya mwanaume yule, aliutazama mgongo huo hadi lori likamezwa na kona ya Kavimvira, na hakuna siku macho yale yalikuwa yamemwambia mengi kuliko mgongo ule.